Chombo cha Kwenda Nacho Msaragambo

Siku tulipoanua matanga ya dada yangu Naetwe, watoto wake waliniita nyuma ya nyumba yake ya Same, kwenye banda la mabati lililoegemea ukuta wa jirani. Walikuwa wanasafisha. Walikwisha kutoa magunia ya mkaa, cherehani iliyokufa na baiskeli isiyo na magurudumu, na sasa walikuwa wamesimama mbele ya kitu kirefu kilichofunikwa turubai. Neema, mkubwa wao, akalivuta turubai. Chini yake kulikuwa na vyuma vya pembe vilivyolaliana, bawaba nene zilizoshika kutu, na kanyagio la mbao lililolika katikati. "Mjomba, hivi vyuma ni vya nini? Kuna kijana wa skrepa anapita hapa mtaani." Nikamjibu Neema kwamba kijana wa skrepa apite hivyo hivyo na njia yake, na yeye aniletee kigoda na chai. Hicho ni chombo cha kukunjia bati, nikasema, na kitapanda gari pamoja nami kwenda kwangu. Akanitazama jinsi vijana wanavyotutazama wazee tukikumbatia makopo yetu, lakini chai aliileta, yenye tangawizi ya kuwasha koo, kama aliyokuwa akiipika mama yake.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Watu walikuwa wamenipa pole tangu msiba ulipoingia, nami nilikuwa nikijibu nimeshapoa, kama ilivyo ada, lakini nilikuwa sijapoa hata kidogo. Mwaka mmoja niliokaa kwenye nyumba ile ndio ulionifanya niwe mtu, na mpaka Naetwe anafumba macho sikuwahi kumwambia hivyo kwa maneno. Sisi Wapare tuna sifa ya kuongea sana mbele ya hakimu. Nyumbani tunakula makande kimya kimya tukidhani mwenzetu ameshajua. Labda alijua. Sina hakika, na hilo ndilo lililonikalia kifuani pale kwenye kigoda.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa kuoa na nilikuwa nimeanza kujulikana kama fundi bati katika karakana moja ya Tanga. Siku moja tulikuwa tukishusha shehena ya mabati, ikateleza kwenye lori. Mtu mwenye akili huruka pembeni; mimi nikanyoosha mkono niizuie. Bati likapita kwenye kiganja changu cha kushoto. Hospitali wakashona, ngozi ikapona vizuri tu, lakini mishipa ilikuwa imekatika na vidole vikagoma kukunjika. Gumba peke yake ndilo lililokuwa likinitii. Vingine vilibaki vimenyooka kama uma, kila nikishika kitu kinaanguka. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, nami nikarudi zizini kwangu, Bombo, milimani, nikiwa na begi moja na mkono ninaouficha mfukoni.

Sikumaliza hata juma, pembe ikalia ya msaragambo. Kwa asiyetoka kwetu, msaragambo ni kazi ya kijiji ambayo kila nyumba hutoa mtu, na kila mtu huja na chombo chake: jembe, shoka, sepetu, chochote. Asiyekuja hutozwa faini, na wasimamizi huifuata hadi mlangoni. Safari hii ilikuwa ni kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, kabla watu wa bondeni hawajaanza kunung'unika. Nikaamka mapema, nikachukua jembe, nikatelemka na wenzangu. Nilipoliinua mara ya kwanza likaniponyoka, likaanguka kwenye maji mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Mzee Kajiru, msimamizi, ambaye majina ya kijiji kizima alikuwa nayo kichwani, alipofika mahali pa kuwataja waliosamehewa kazi, alitaja wagonjwa, akataja mama aliyejifungua, akamtaja bibi mmoja aliyekwisha kupofuka, kisha akanitaja mimi. "Eliudi, pumzika." Mwanamke mmoja akanishika bega akaniambia, "Nenda ukalale, mwanangu. Umeshafanya vya kutosha." Nilikuwa sijafanya kitu. Nilipanda kilima na jembe langu begani huku nasikia nyuma yangu wenzangu wakiimba, na sijapata kuchukia wema kama nilivyouchukia siku ile.

Mwingine angekunywa pombe. Mimi nikapeleka kesi barazani. Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi zao nje ya ofisi ya kijiji, na ilipofika zamu yangu Mzee Kajiru akaniuliza nashitaki nini. "Shikamoo, wazee wangu. Nashitaki kusamehewa." Ala! Baraza zima likaangua kicheko. Mzee Kajiru akasubiri kitulie. "Mimi nimesikia kesi za mipaka," akasema, "nimesikia za zamu ya maji, nimesikia hata ya mbuzi aliyekula kanga ya mwenye nyumba. Sijasikia mtu anashitaki kwa sababu ameambiwa akapumzike. Unadai nini sasa?" Nikasema nadai jina langu liitwe pamoja na majina ya wanaume wenzangu. Hapo hakuna aliyecheka tena. Wazee wakanong'onezana kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, kisha Mzee Kajiru akanipa hukumu ambayo naweza kuirudia hadi leo: "Msaragambo hauulizi mtu ana vidole vingapi, unauliza amekuja na chombo gani. Kabla ya vuli ya mwakani tutaweka mifereji kwenye paa la zahanati, maji ya mvua yaingie tangini. Hiyo ni kazi ya bati, na wewe ni fundi bati. Njoo na chombo unachokiweza, jina lako litaitwa. Ukija mikono mitupu, umesamehewa moja kwa moja, na kesi hii usiturudishie."

Ndivyo nilivyofika kwa Naetwe, Same mjini, kutafuta chombo. Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa kiwanda chake: cherehani ya miguu karibu na dirisha, sare za shule zimening'inia ukutani, chaki na vipande vya kitambaa sakafuni, harufu ya mafuta ya mashine mpaka kwenye mito. Mimi nililala chumba cha nyuma kati ya marobota. Chakula kilikuwa makande. Jana makande, leo makande yaliyolala, na mgeni akija makande yenye nazi. Nilipolalamika alisema, "Anayechagua chakula awe na mikono miwili." Ndivyo alivyokuwa. Watu wengine waliukwepa mkono wangu kwa macho. Yeye aliutania asubuhi na jioni, aliutuma chumvi, aliukemea kwa uvivu, na mimi nikapata kupumua.

Alasiri moja nilikuwa nimejilaza nikamsikia akiongea na jirani yetu, Mama Rajabu, aliyekuja kupimwa gauni. Ukuta ulikuwa wa mbao, maneno yalipita yote. "Huyu mdogo wako atakaa mpaka lini?" "Mpaka apate chombo." "Na asipokipata?" "Asipokipata atarudi mlimani. Watampa kigoda juani, watamletea uji, watamwita babu kabla hajaota mvi. Watu wetu wana huruma, Mama Rajabu. Watamhurumia mpaka aishe." Sikutoka chumbani mpaka jirani alipoondoka, kwa maana nilikuwa nalia, na nilijua kila neno lilikuwa kweli.

Asiyejua kazi hii hudhani kukunja bati kunataka nguvu. Kunataka kushika. Bati la geji ishirini na nane hata mtoto analipinda. Taabu ni kulifanya lipinde pale tu ulipochora mstari. Mkono mmoja unashika, mwingine unagonga, na mimi nilibaki na mgongaji bila mshikaji. Nilianza na nilichokijua, kipande cha reli na nyundo ya mbao ya mpera. Reli ni fuawe nzuri, chuma cha kugongea juu yake, kwa mtu asiye na kitu, na katika mji uliopitiwa na garimoshi kila fundi wa zamani anacho kipande, wala hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Nikalilaza bati ukingoni mwa reli, nikalikandamiza kwa kiwiko, nikagonga. Likaruka. Nikalikalia. Likaruka pamoja nami. Rajabu, mtoto wa jirani, kijana wa rika langu aliyekuwa mchomeleaji, akachungulia juu ya uzio. "Fundi, unalikunja au unaliadhibu?" Nikamtukana. Kesho yake akaja na zawadi, koleo lenye mdomo mpana kama wa bata, la kukunjia kingo.

Koleo lile nililipenda. Mkono wa kulia ulitosha: unabana, unainua kiganja, ukingo umesimama. Kwa ndoo, kwa beseni, kwa mfuniko wa pipa, huhitaji zaidi, na kijana yeyote anayeanza ufundi uani kwao namwambia anunue koleo hilo kabla hajaota mashine. Lakini mfereji wa paa ni mrefu. Nilikwenda nikibana kidogo kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho, na nilipomaliza ukingo ulikuwa unayumba kama njia ya mlevi. Naetwe akatoka na sindano mdomoni, akapitisha kidole juu yake. "Upindo huu hata mwanafunzi wangu wa kwanza ningemfumulisha." Nikajaribu kuufumua. Bati si kitambaa. Ukilinyoosha mstari wa kwanza unabaki pale pale kama kovu, na ukilikunja tena mahali hapo linakatika.

Kulikuwa na mashine halisi ya kukunjia kwa fundi mmoja mstaafu karibu na stesheni, ambaye siku hizo alikuwa anaanikia nguo juu yake. Alikuwa tayari kuniachia. Loo, ilikuwa nzuri! Nzito, mdomo wake umenyooka, ukiinua mkono wa chini bati linakunjika lote kwa pamoja kama ukurasa. Lakini ilibana kwa skrubu mbili, moja kulia na moja kushoto, na lazima zikazwe kwa wakati mmoja, la sivyo bati linakwenda upande. Nilikaza ya kulia, nikakimbilia ya kushoto, nikakuta bati limeshageuka. Nikarudi kulia. Nilizunguka ile mashine kama mbuzi aliyefungwa kambani mpaka yule mzee akaona haya kwa niaba yangu, akaingia ndani kutafuta maji ya kunywa. Nilimshukuru nikaondoka. Nilivyokuwa nikitembea kurudi nyumbani, milima imesimama pale juu ya mji, nilijiambia basi, nitakwenda kukaa kwenye hicho kigoda.

Nilimkuta Naetwe anashona, nikamwambia kesho napanda gari la Bombo. Hakuinua kichwa. Akaniuliza nimekula. Nikasema sina njaa. Hapo ndipo alipokasirika, kwa sababu ya makande, si kwa sababu ya safari. "Mikono, mikono, kutwa unaniimbia mikono! Mimi cherehani hii naiendesha kwa miguu tangu usichana wangu. Wewe miguu yako ni ya kuendea kanisani tu?" Nikaitazama miguu yake inavyokanyaga, mikono yake imelala juu ya kitambaa bila haraka yoyote, inaongoza tu. Nilikula makande yale nikiwa nimesimama, na bakuli nikaliacha kwa Mama Rajabu kwa sababu nilipitiliza nalo hadi kwa mwanawe.

Rajabu alinichomelea vyuma viwili vya pembe, kimoja kimelala kwenye fremu na kingine kikishuka juu yake kama taya. Taya lile nililifunga mnyororo unaoshuka hadi kwenye kanyagio, nikikanyaga linabana bati kotekote kwa mara moja. Chuma cha tatu kikashikizwa mbele kwa bawaba, hicho ndicho kinachoinuliwa kwa mkono wa kulia na kukunja. Mkono wa kushoto kazi yake ikabaki kusawazisha bati kwenye mstari, na hilo gumba na vidole vilivyonyooka viliweza. Chombo cha kwanza kilishindwa. Bati lilitoka limekunjika vizuri pembeni na katikati limevimba tumbo, maana taya refu likibanwa huinuka kidogo mgongoni. Tukaliwekea uti wa nondo kwa juu. Bado. Basi tukakikata chombo chenyewe kuwa kifupi, mfereji ukawa wa vipande vya kuunganishwa kwa riveti. Rajabu aliona huo ni unyonge. Alitaka urefu wa bati zima. Nikamwambia mashine ya bati zima ipo, inaanika nguo. Mimi nataka inayolingana na mimi, na inayoweza kupanda mlima kwa mgongo wa mtu.

Jambo jingine nililojifunza mwaka ule ni kwamba bati hurudi. Ukilikunja mpaka pale hasa unapopataka, ukiachia linarudi nyuma kidogo, kwa hiyo lazima ulipeleke mbele zaidi ya unapotaka, ndipo likirudi likae mahali pake. Nimelifikiria sana hilo uzeeni. Dada yangu alinipeleka mbele kupita kiasi kila siku, kwa masimango, kwa kejeli, kwa makande, na mimi nilidhani ana moyo mgumu. Kumbe alijua nitarudi nyuma kidogo. Mtu anayekubembeleza mpaka hapo ulipo anakuacha umepinda nusu.

Pembe ya zahanati ilipolia, tulikuwa tayari njiani. Nasema tulikuwa, kwa sababu Naetwe alifunga mlango, akasema sare za watoto zitangoja, akajitwika kanyagio na mnyororo. Basi letu likapasuka tairi tulipokaribia Kisiwani, tukakaa kwenye vumbi tangu alfajiri mpaka jua likachomoza, dereva akigombana na utingo. Tulipofika Maore hakukuwa na gari la kupanda. Tukapanda kwa miguu, mimi na vyuma mgongoni vikinikata bega, yeye mbele na mzigo wake kichwani akinihesabia dhambi zangu zote tangu utotoni ili nisisimame. Tulipotokea uwanja wa zahanati jua lilikuwa limesimama utosini. Wanaume walikuwa juu ya paa wanapigilia vishikizo, mabati yamelala kwenye majani hayajaguswa, na Mzee Kajiru amekaa kwenye jiwe na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee." "Marahaba. Jina lako limeitwa mara mbili, Eliudi. Hukuitika." Sikuelewa mara moja. "Limeitwa?" "Limeitwa. Nilikuambia ukileta chombo litaitwa, na habari za chombo chako zilifika hapa kabla yako, wewe unafikiri Same ni Ulaya?" Akakitazama nilichobeba, akakigusa kwa fimbo, akatikisa kichwa taratibu. "Kimekuja. Lakini umechelewa. Faini ni jogoo." Palepale yule mwanamke aliyenishika bega siku ya ndiva akadakia, "Jamani, Mzee Kajiru, mwache huyo! Si unauona mkono wake?" Mzee akamgeukia. "Mkono unahusiana nini na kuchelewa? Amechelewa kwa miguu."

Naetwe, ambaye hajapata kuiacha kesi impite bila kuitetea, akatua mzigo wake chini na kufungua mdomo. Nilijua kila kitu atakachosema, tairi, dereva, vumbi la Kisiwani, mlima, na kwamba angeshinda. Nikamshika mkono kwa ule mkono wangu mbovu. "Dada, nakuomba. Usinitetee." Akanitazama. Faini hutozwa mtu ambaye jina lake limeitwa, na nadhani hapo ndipo alipoliona hilo. Nilianza kufungua kamba za vyuma, vijana wawili wakashuka kwenye paa kunisaidia kusimamisha fremu, mmoja akanitania kuwa fundi wa mjini huamka saa sita, na mimi nikamjibu kwa tusi zuri kabisa la nyumbani. Nilipoweka mguu kwenye kanyagio na taya likashuka juu ya bati la kwanza, nilisikia kelele kutoka uani kwetu, ng'ambo tu ya uzio wa zahanati, mbawa na vumbi na dada yangu akikimbia. Alikuwa anamkamata jogoo wa faini yangu kwa mikono yake mwenyewe, huku machozi yanamtiririka, na watu wote pale uwanjani wakadhani anamlilia jogoo.